Ukijani wa Shee

Siku ya thelathini na tatu tangu Shangazi azikwe, binti yake Nuru alinipigia simu akaniomba jambo ambalo mtu yeyote anayenijua angeniomba. "Wewe ndiwe fundi wa mambo haya," aliniambia. "Ua wote umeshika ukijani, hapakanyagiki. Hitma ya arobaini yaja, watu watajaa, sitaki mwengine ateleze. Njoo utuondolee." Nilimjibu kwamba nitakuja, nikaweka simu chini, nikakaa kitandani na chanuo mkononi mpaka chai ikapoa na kuota ngozi juu. Kwa miaka ishirini na sita nilisimamia usafi katika hoteli moja ya ufuoni huko Kikambala, na hakuna kitu nilichojulikana nacho kuliko kuondoa ule uoto laini wa kijani unaoshika mawe penye maji na kivuli. Vitabuni naona wakiuita kuvumwani. Sisi nyumbani tuliuita ukijani, basi. Wasichana niliowafundisha kazi walikuwa wakiniita Bi Brashi wakidhani sisikii. Dawa zake zote nazijua, za dukani na za jikoni, na mpaka leo nikiuona mahali mkono huniwasha. Lakini kuukwangua nilijifunza katika ua uleule wa Malindi, mwaka niliokuwa na miaka kumi na saba, na nililolitenda mle mwaka ule nilikuwa sijapata kumwambia mtu. Sikumwambia mume wangu hadi amekufa. Wala sikuwa nimemwambia Nuru, ambaye ndiye hasa mwenye haki ya kulijua.

Nilifika kwa Shangazi Tima nikiwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne, sina la kufanya ila kungoja majibu. Nuru, aliyenizidi miaka miwili, alikuwa keshachumbiwa, na Shangazi alihitaji mikono ya kumsaidia matayarisho. Nilipewa chumba cha nyuma chenye kitanda cha kamba, kabati lisilofunga vizuri na dirisha la mbao lililotazama uani. Ua ulikuwa mdogo, umezungukwa na ukuta wa mawe mrefu kuliko mtu, na jua lilichungulia mle adhuhuri kisha likaenda zake. Upande mmoja palikuwa na birika la maji ya kutawadhia, unashuka ngazi tatu kulifikia. Upande wa pili palikuwa na mkomamanga, vyungu vya mrehani, na mstafeli mkubwa uliofunika kila kitu kwa kivuli. Chini ya mstafeli palikuwa na kaburi dogo, halifiki urefu wa mkeka wa kusalia. "Pale amelala Shee," Nuru aliniambia siku ya kwanza akinionyesha nyumba, kwa sauti ileile aliyonionyeshea mahali kiberiti kinapokaa. Shee alikuwa mtoto wa kwanza wa Shangazi. Alikufa kwa homa akiwa na miaka minne, kabla Nuru hajazaliwa. Hakuna aliyeniongezea neno. Kila mtu katika nyumba ile alidhani mambo ya kaburi lile yanajulikana yenyewe.

Yaliyobaki nilipewa na dirisha langu. Kila alasiri Shangazi alishuka ngazi zile tatu na kata yake, akatawadha, na maji ya mikono na miguu yake yakapita katika kijifereji mpaka ubavuni mwa kaburi. Akimaliza hakuondoka mara moja. Nilimsikia akizungumza, na siku za mwanzo nilidhani anasoma dua, hata nikajifunika kichwa kwa adabu. Sivyo. "Leo tumepika mbaazi, Shee," alisema. "Nazi moja ilikuwa mbovu, tumeitupa. Dadako apima nguo kwa fundi, amekonda, nguo zote zampwaya." Kisha akanyamaza kiasi cha mtu kujibiwa, akasema, "Ee. Hivyo hivyo." Mazungumzo ya kawaida kabisa, na ndiyo maana yalinitia hofu, angelia ningezoea. Nilianza kula chakula changu nikijua kitasimuliwa. Tukipika samaki wa kupaka nilijikuta nikijiuliza kama Shee alikuwa akimpenda samaki wa kupaka, na mara moja, wallahi, niliepua kipande kizuri nikakiweka kando ya sinia bila kujua namwekea nani. Nuru alikichukua akakila.

Mchumba wa Nuru alikuwa karani wa ofisi ya serikali Kilifi, kijana mpole aitwaye Salimu, na nyumba aliyopewa ilikuwa na chumba cha ziada. Nuru alikuwa ameshikilia neno moja tu: haendi Kilifi akamwacha mamake peke yake. Salimu akakubali, akasema mama mkwe ni mama. Shangazi naye akakubali, baada ya wiki nzima ya kumweleza Shee kule birikani kwamba Kilifi si mbali, kwamba atakuja kila mwezi, kwamba nyumba itafungwa haitauzwa. Niliyasikia yote. Akaenda sokoni akarudi na sanduku jipya la bati lenye maua mekundu kifunikoni, akaliweka chumbani kwake chini ya dirisha, na kila siku akawa akilifungua na kulifunga kulizoea.

Siku nne kabla ya harusi Shangazi alitoka kualika. Kwao kualika ni kazi ya miguu: unavaa buibui, unaingia nyumba baada ya nyumba, unakaa, unapewa chai, unaitaja siku, unanyanyuka. Nuru alikuwa ndani, amewekwa kama maharusi wote, anasingwa mwili mzima kwa liwa ya kunukia, haruhusiwi hata kuchungulia uani. "Sugua uani pote, mwanangu," Shangazi aliniambia mlangoni. "Wanawake waja na viatu vyao vya visigino. Pasibaki utelezi hata chembe." Vuli ya mwaka ule ilikuwa nzuri na ukijani ulikuwa umejaa: kwenye ngazi, kwenye mawe ya njia, kwenye mdomo wa birika, kwenye kaburi. Juu ya kaburi ulikuwa mnene kuliko kokote, laini, umefunika chokaa yote kutoka kichwani hadi miguuni, kwa sababu ya maji ya udhu yaliyopita pale miaka yote.

Nilianza na kisu butu, nikakwangua. Kisha nikachanganya majivu ya kifuu, chumvi ya mawe na maji ya ndimu, nikasugua kwa kumbi la nazi mpaka vidole vikachubuka. Ngazi zikatoka nyeupe. Njia ikatoka nyeupe. Ilipofika saa nane nikasimama mbele ya kaburi nikaona haya kwa niaba ya Shee. Wageni wote wale watapita hapa, nilijiambia, wakute mtoto wa watu amelala kwenye uchafu. Nataka nieleweke: sikufanya kwa uvivu wala kwa ubishi. Nilifanya kwa huruma, na nilifanya vizuri kuliko penginepo pote. Nilikwangua kila ufa. Nilipiga chumvi mara mbili. Nilipomaliza kaburi lile lilikuwa jeupe kama sahani, na nikakaa kwenye ngazi nikala embe mbichi kwa pilipili, nimefurahi na nafsi yangu.

Shangazi alirudi kabla ya alasiri. Alisimama mlangoni mwa ua, buibui lingali kichwani, akatazama.

"Nani amekwambia?" akauliza.

"Umeniambia pote, Shangazi."

"Pote," akasema. "Kweli. N'lisema pote."

Akashuka, akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya ile chokaa, akakigeuza akakitazama. Nilingoja anipige. Badala yake alinieleza, polepole, kama mtu anayemweleza mgeni wa mbali: kwamba kila kilicho kibichi humsabihi Mola, na kikiota juu ya kaburi, muda wote kingali kijani aliye chini yake hupata nafuu, kwamba ndiyo maana watu huchomeka makuti mabichi na mrehani makaburini, lakini hayo hukauka kwa siku mbili, kwamba ukijani ule uliota wenyewe mwaka alipokufa Shee, haukupata kukauka, masika wala kaskazi, kwa kuwa yeye aliunywesha mara tano kwa siku. Nikajibu la kijinga. Nikasema nimesoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, kwamba mtoto mdogo hana dhambi, hahitaji nafuu ya kaburi.

"Najua, mwanangu. Na mimi nimesoma," alisema. "Lakini ni mimi n'liyemfunika. Sasa yu uchi." Akanyanyuka kwa kushika goti. "Nuru asijue. Mwache aolewe na moyo mweupe."

Nuru hakujua. Harusi ilifanywa, biriani ikapakuliwa, pembe za vugo zikapigwa, na wanawake wakajaa uani na visigino vyao. "Uani kwenu kwang'aa, Bi Tima," walimwambia mmoja baada ya mwingine. "Kazi ya huyu mwana," alijibu kila mara, na akaniwekea mkono begani, na nilitamani ardhi inimeze. Upande wa bwana harusi walileta mbeleko, ile kanga mpya anayopewa mama wa binti kuwa shukrani ya kumbeba mgongoni. Ilikuwa ya zambarau na nyeupe. Fungate ilipokwisha Nuru akaenda Kilifi na mumewe, na Shangazi akaanza kufunga mizigo ili awafuate baada ya wiki mbili. Mikeka ikakunjwa na kufungwa kwa kamba. Sufuria zikapangwa moja ndani ya nyingine na kuwekwa karatasi katikati. Sandukuni zikaingia nguo zake, msala, msahafu wa mumewe marehemu, chetezo, na mwisho mbeleko, haijakatwa wala kupindwa. Akaiweka juu kabisa, akailalanisha kwa mkono, akaniambia neno, akafunga kifuniko. Nilikuwa nimekaa kitandani nikimtazama.

Kisha hakuondoka. Salimu alipoleta gari Shangazi alisema mguu wamuuma. Alipolileta tena alisema angoja mtu wa kulinda nyumba. Mara ya tatu alimpa chai na mahamri akasema, "Bado, baba," na yule kijana akarudi zake na gari tupu. Nuru akawa anaandika. Shangazi alisoma Kiarabu tu, kwa hiyo barua nilimsomea mimi, tumekaa sebuleni kwenye sakafu kwa kuwa viti vilikuwa vimefungwa. "Mama, chumba chako nimekipaka chokaa kwa mkono wangu. Kitanda nimekiweka dirishani upate upepo. Jirani anafuga kuku, utapata wa kugombana nao." Shangazi alicheka hapo, akaniambia nirudie. Kisha akachukua kata yake akaenda uani, na nikamsikia akisema kwa sauti ndogo, "Nitakwendaje nikakwacha hivi?"

Hapo ndipo nilipojiapia. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi na hata leo siioni kosa lake: nimeondoa ukijani, Shangazi amekwama, nikiurudisha, Shangazi atakwenda. Nilikuwa nimeona kwamba nyuma ya jiko, pale tulipomwaga maji ya kuoshea mchele na makoko ya uji, ukijani uliota haraka kuliko popote. Alhamisi Shangazi alipokwenda darasa la wanawake, nilibandua ukijani wa nyuma ya birika, nikautwanga kidogo kinuni, nikaukoroga na uji wa mchele uliopoa, nikaupaka juu ya kaburi kwa kiganja. Mara ya kwanza sisimizi waliula wote na kaskazi ikakausha yaliyobaki, na ikabidi nioshe alama kabla hajarudi. Nikatambua pia kwamba chumvi yangu ilikuwa ingali ndani ya chokaa. Basi kila siku, akilala baada ya chakula cha mchana, nilibeba ndoo kwa ndoo nikakiosha kile kiwiliwili kidogo cha mawe mpaka nikionja ulimi hausikii chumvi. Ndiyo, nilionja. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikuwa nikiramba kaburi.

Na nikaanza kusema naye. Nalisema hili wazi kwa sababu limenisumbua kuliko mengine. Mwanzo nilimwomba radhi. Kisha nikamwambia afanye hima. Kisha nikamsimulia nilichopika. Siku moja nilisema, "Shee, saidia basi, mamako aende akamwone dadako," nikanyamaza, na nikajikuta nasema, "Ee. Hivyo hivyo." Niliacha ndoo nikaingia ndani nikakaa sebuleni kwenye mizigo mpaka Shangazi alipoamka.

Masika yalipoanza nilipaka tena, uji mwepesi zaidi safari hii, na nikaufunika kwa jani la mgomba siku tatu huku nikimwambia Shangazi nimelianika jani kwa ajili ya kupikia samaki. Mvua ilinyesha wiki nzima. Ulishika. Ulianza kama vumbi la kijani penye nyufa, ukaungana, na baada ya mwezi kaburi likawa limevaa tena kutoka kichwani hadi miguuni. Nilikuwa chumbani alasiri ile nyuma ya dirisha, nikingoja auone. Maana kwa wiki kadhaa alikuwa akitawadha amelipa kaburi mgongo, kwa aibu nadhani. Niliisikia kata ikianguka ikaviringika kwenye ngazi.

"Mwanaidi," aliita. "Njoo. Njoo uone."

Alikuwa amekaa chini kwenye maji, analia na kucheka. Alinivuta nikae. Alishika mkono wangu akauweka juu ya ule ukijani, na mimi bado nilikuwa na unga wa mchele mkavu kwenye kucha, wa uji niliozibia pengo la mwisho jana yake.

"Amemfunika," alisema. "Mola amemfunika tena. Na mimi n'liweka nadhiri, mwanangu, siku ileile uliposugua. N'lisema, yarabi, ukimfunika mwanangu, simwachi tena. Sitoki nyumba hii mpaka nizikwe ubavuni mwake."

Sikujua habari ya nadhiri. Hakuna aliyejua, alikuwa ameiweka kimya kimya, naye alikuwa akingoja jibu huku mizigo imefungwa, tayari kwa lolote. Ukijani usiporudi angekwenda Kilifi na huzuni yake. Ukirudi angekaa. Na mimi, na sufuria yangu ya uji, nilikuwa nimejibu badala ya Mungu. Nilikuwa na muda wa kusema. Nimeurudia muda ule mara nyingi maishani, nikipiga deki, nikisubiri lifti, nikimuuguza mume wangu, na kila mara ni mrefu wa kutosha. Sikusema kwa sababu alikuwa akifurahi, na tangu siku ya kualika sikuwa nimemwona akifurahi. Sikusema pia kwa sababu nilikuwa mwoga.

"Fungua mizigo," aliniambia.

Nikaifungua. Nilitandika mikeka, nikatoa karatasi kwenye sufuria, nikatoa vitu sandukuni kimoja kimoja. Mbeleko alinipokea mkononi, akaitazama kidogo, akaisukuma chini ya nguo katika kabati. Jioni ile alinitajia maneno nami nikayaandika: "Mwanangu Nuru, siji. Shee amenitaka nikae. Usinune." Jibu lilikuja baada ya siku kumi, na nililisoma kwa pumzi moja kwa sababu lilikuwa neno moja. "Sawa." Kuanzia hapo Shangazi akatoa amri kwamba hakuna atakayekwangua kitu kijani katika ua ule, si kaburini, si njiani, si ngazini. Majibu ya mtihani yalitoka, mwaka ukaisha, nikaenda zangu kutafuta kazi ya kusugua mawe ya watu wengine.

Shangazi alitimiza nadhiri yake kwa miaka zaidi ya arobaini. Hakwenda Kilifi hata siku moja. Nuru alijifungua watoto watano, akawaleta Malindi sikukuu kwa sikukuu, akakaa siku mbili, akaondoka. Ua uliota, ukafunika kila kitu. Na mwaka huu, akiwa na miaka themanini na kitu, Shangazi alishuka kutawadha alasiri, akateleza kwenye ngazi ya tatu, akavunjika nyonga, akafa siku ya kumi na moja. Siku ya maziko nilikaa chumba cha nyuma pamoja na wanawake, na kupitia pazia nikamsikia Nuru akimwambia jirani: "Alikuwa na watoto wawili, akakaa na yule asiyemhitaji. Juzi nimepanga kabati lake, nimeikuta mbeleko aliyopewa siku ya harusi yangu. Haikupindwa. Wanangu watano, na hata mmoja hakumbeba nayo." Niliondoka kabla ya chakula, nikasema kichwa chaniuma.

Sasa nilirudi na brashi zangu. Nuru alinipokea mlangoni, nikamwamkia, akanipokea mkoba. Amekuwa mnene, na anatembea kama mamake, mkono mmoja ukutani. Nilifanya kazi tangu asubuhi. Nilianza mlangoni, nikafuata njia, nikashuka ngazi ya kwanza na ya pili. Kwenye ngazi ya tatu nikasimama. Ukijani pale ulikuwa umekatika, mstari mmoja mrefu kiasi cha kiganja, mpana mbele, mwembamba nyuma, na chini yake jiwe linaonekana. Ulikuwa mtelezo wa kisigino chake. Wiki sita, na haukuwa umejifunga. Nilikaa nao muda mrefu. Mwishowe nilitia kisu pembeni, nikaubandua ukijani wote wa ngazi ile ukatoka kipande kizima, nikaulaza kwenye sinia.

Nuru alikuja akasimama chini ya mstafeli. Makaburi sasa ni mawili, dogo limefunikwa kijani, kubwa la udongo na chokaa mpya, tupu.

"La Shee usiliguse," alisema. "Angesononeka."

"Na hili?"

"Hili tumwachie Mungu. Alimfunika Shee, atamfunika na yeye." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mimi sikupata kulipenda kaburi lile, Mwanaidi. Lakini ule muujiza wake, aliotusimulia kila sikukuu, siukatai. Mama alipendelewa, ndiyo hivyo. Mimi sikupendelewa."

Nikachukua sinia, nikaingia jikoni. Nilipima mchele kikombe kimoja, nikausaga, nikawasha jiko, nikakoroga. Mkono wangu haukuwa umesahau. Nuru alinifuata, akasimama kizingitini akinusa.

"Wapika uji saa hizi? Wa nani?"

"Wa mamako," nikasema. "Kaa chini, dada. Nikupe habari ya uji huu."

Akakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, na nikamwambia. Nilimwambia juu ya chumvi na ndimu, sisimizi, jani la mgomba, nadhiri. Nilisema nikikoroga, sikumtazama, na nilipomaliza uji ulikuwa umeshikana chini na kuanza kunuka. Nilizima jiko. Nilikuwa tayari anifukuze, na angenifukuza ningekwenda. Kisha akanyanyuka, akatoka, nikasikia mlango wa kabati chumbani kwa Shangazi. Alirudi na ile kanga ya zambarau na nyeupe, imefifia kwenye mikunjo, akaiweka juu ya magoti yake.

"Kwa hivyo angekuja," alisema. "Kilifi. Kwangu."

"Alikuwa amekwisha kufunga mizigo. Ni mimi niliyeifungua."

"Na hii?"

"Ilikuwa sandukuni."

"Wapi sandukuni?"

"Juu kabisa," nikamwambia. "Aliiweka mwisho. Alisema akifika kwa Nuru ndiyo itakayotangulia kutoka."